Gari la Maua Kwenye Foleni ya Dawa

Kwetu Waithaka, siku ya ruracio, yaani siku wakwe wanapokuja kuzungumza mahari, bibi arusi hafichwi chini ya kitanda. Anafichwa mbele ya macho ya watu. Wasichana wa boma wanafunikwa leso kutoka utosini mpaka kwenye vifundo vya miguu, wote sawasawa, wanapangwa mstari kama magunia yanayongoja lori, halafu kijana wa watu anaambiwa: haya, chagua wako. Akikosea anapigwa faini na wanawake wanacheka mpaka wanashikilia mbavu. Ndiyo maana tangu asubuhi wasichana hao hawaruhusiwi kutoka hovyo. Upande wa pili hutuma wapelelezi. Msichana akitaka kwenda chooni anafunikwa leso, anashikwa mkono na mtu mzima, anapelekwa na kurudishwa kama kipofu.

Naanza na leso kwa sababu ndizo zilizotuponza, na baadaye ndizo zilizotuokoa. Lakini habari yenyewe si ya bibi arusi. Ni ya dada yake mkubwa, ambaye mimi humwita mke wangu. Usishtuke. Kwa sisi, binti wa kwanza wa mwanao wa kiume huchukua jina la mama ya baba yake, kwa hivyo babu, yaani guka, humtania kwamba ndiye mke wake aliyerudi akiwa kijana. Cucu yao, yaani nyanya yao, alituacha zamani. Baba yao, mwanangu, akamfuata. Tukabaki mimi, mama yao na wasichana hao wawili kwenye shamba letu dogo, pamoja na ng'ombe wawili ambao nao, ukiniuliza, walikuwa wanaishi tu kwa ukaidi.

Huyu mkubwa alikuwa akisuka nywele Kangemi, kule nyuma ya soko. Mikono yake ilikuwa myepesi, wanawake walikuwa wanatoka mpaka Muthangari kwenye majumba makubwa kuja kumtafuta katika kile kibanda cha mabati. Jinsi alivyoingia kwenye unga, hata yeye hawezi kukueleza vizuri. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kusimama, mtu akampa kitu cha kuvuta, mgongo ukanyamaza. Ananiambia si mgongo peke yake ulionyamaza. Hata kifo cha baba yake kilinyamaza. Basi nani hatarudi mahali ambapo kifo kimenyamaza?

Aliporudia mara kadhaa, unga ukaanza kumdai. Akikosa, anapata kile wanachokiita arosto. Kamasi, miayo, tumbo linapinduka, mifupa inauma kwa ndani. Wakati huo hatumii tena ili afurahi. Anatumia ili aweze kusimama na kwenda chooni. Haya sikuyajua. Sisi wote tulijua tu kwamba ameharibika, na mama yake akawaambia watu wa kanisa na jamaa wote kwamba binti amepata kazi Mombasa. Mombasa! Na msichana yuko Kangemi, mwendo wa kutembea kwa mguu, amelala kwenye maboksi.

Mimi unga siujui, lakini ugoro naujua. Nilianza kunusa nikiwa kijana kwenye machinjio ya Dagoretti, kwa sababu ya harufu. Ukishinda katikati ya matumbo ya ng'ombe unataka pua yako iwe na shughuli nyingine. Juzijuzi nililazwa hospitali kwa ajili ya kifua, daktari akanikataza ugoro kabisa. Niliweka kile kikopo kitupu chini ya mto nikawa nanusa mfuniko. Mzee mzima, mvi kichwani, ananusa mfuniko! Mjukuu wangu aliporudi nyumbani na tukaanza kuongea, nilimwambia habari hiyo nikidhani tumefanana.

Akacheka. "Guka, hiyo ni kidogo. Sasa ongeza. Ongeza mpaka ushindwe kumkumbuka cucu, umkumbuke tu mfuniko."

Tangu siku hiyo sijamwambia tena kwamba aache tu kama watu wengine wanavyoacha.

Aliyemtoa kwenye maboksi ni mwanamke mmoja ambaye naye alikuwa teja zamani, sasa anazunguka kwenye maskani, vijiwe vya mateja, akiongea nao bila kuwahubiria. Alimpeleka kwenye kliniki moja mjini, ambako wanapewa dawa ya maji inayoitwa methadoni. Unaenda dirishani, muuguzi anakumiminia kwenye kikombe, unakunywa mbele yake, halafu lazima useme neno ili ajue umemeza, hukuificha mdomoni. Huruhusiwi kuibeba. Ni kila siku, Jumapili na Krismasi pamoja. Inaituliza ile arosto na kichwa kinabaki chako. Alipoanza kupata nafuu akarudi nyumbani, na mama yake akawaambia watu kwamba amerudi kutoka Mombasa akiwa ameokoka. Kuhusu dawa, hakumwambia mtu.

Nilikuwa nikimsindikiza mara kwa mara, naketi kwenye benchi. Siku moja nikamuuliza muuguzi, mama mmoja mwenye sauti ya kuuza samaki, "Daktari, huyu atapona lini aache hii dawa? Si ni kubadilisha kileo kwa kileo?"

Akanitazama mdomoni. "Mzee, hayo meno ni yako?"

"Nilinunua."

"Unayavaa kila siku?"

"Sasa nitakula vipi?"

"Mbona huponi meno ukayaacha? Wiki hii usiyavae, tuone."

Foleni nzima ilinicheka. Kuna kijana akasema, "Guka amepigwa," na hata mimi nikacheka. Halafu yule mama akashusha sauti akaniambia kwamba wapo wanaopunguziwa kidogo kidogo mpaka wanaacha, na wapo wanaokunywa miaka, na wa aina zote mbili wanaamka na kwenda kazini. Ila asikose siku. Akikosa siku moja ataumia, akiendelea kukosa itabidi waanze upya na kikombe kidogo, na katika siku hizo za kikombe kidogo ndipo wengi wanarudi maskani. Na anayerudi hutumia kipimo kile cha zamani, na mwili umeshakisahau. "Hapo ndipo tunawazika," akasema.

Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani.

Sasa turudi kwenye ruracio.

Wiki hiyo binti yangu, shangazi ya wasichana, wanamwita tata, alikuja kutoka Limuru kusimamia shughuli. Huyu binti yangu angekuwa mwanamume angekuwa chifu. Alifika Alhamisi, akahesabu sufuria, akafukuza fundi wa hema akaita mwingine, na Ijumaa alfajiri alipomwona mpwa wake mkubwa anafunga viatu ili atoke, akasimama mlangoni.

"Unaenda wapi na giza hili?"

"Mjini, tata. Narudi saa hii hii."

"Mjini kufanya nini? Unadhani sijui Mombasa yako ilikuwa wapi?"

Kumbe alikuwa anajua. Watu wa Kangemi wana midomo. Akamwita mama yao, na mama yao, ambaye alikuwa anaijua dawa, alisimama pale na unga wa chapati mikononi akashindwa kuitaja. Alisema tu, "Mwanangu, siku hizi mbili tu. Wakwe wakiondoka, utaenda." Sikuwepo. Nilikuwa nimeenda kuchagua mbuzi. Niliporudi jioni nikaambiwa msichana ana homa kidogo, amelala.

Simlaumu sana yule mama. Alikuwa na binti mmoja wa kuozwa na mmoja wa kufichwa, na hema moja.

Jumamosi asubuhi niliingia kwenye chumba cha wasichana kuwabariki. Niliwakuta wamepangwa kwenye vitanda, wanacheka, wanajaribu leso. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni. Alipiga miayo akafuta pua, akapiga miayo tena. Mtu mwingine angesema ni baridi ya Waithaka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi.

Nikainama. "Jana ulienda?"

Akatikisa kichwa. "Tata ameficha viatu vyangu. Guka, dirisha linafungwa saa sita." Simu yake ikatetemeka kwenye paja, akaigeuza kifudifudi. "Ni mtu wa maskani. Amesikia kuna sherehe. Anasema anaweza kuleta mpaka hapa getini. Guka, nitachukua. Sikudanganyi. Akija, nitachukua."

Nikaona kwamba nikitoka pale nikaanza kubishana na binti yangu, tutabishana mpaka saa sita ifike. Kwa hivyo nikasema kwa sauti ya mlevi, "Haya, huyu ana haja ya choo, nampeleka mimi." Tukamfunika leso kama sheria inavyotaka. Nikavua akala zangu, vile viatu vya tairi, nikamvisha. Mimi nikabaki na gambuti za kukamulia zilizokuwa mlangoni. Tata alitutazama, akaona msichana aliyefunikwa na mzee anayemwongoza, akarudi kuwapigia kelele wapishi.

Tulipita choo. Tukapita zizi la ng'ombe, tukashuka kati ya majani ya nepia kuelekea lango la chini, ambalo hutumiwa na mkokoteni wa mbolea tu. Nilijiona mjanja kuliko wote. Nilikuwa nishapanga: bodaboda mpaka barabarani, gari la kwanza mpaka mjini, tunarudi kabla ya mbuzi kuiva.

Nikafungua lango la chini, na ng'ambo yake walikuwa wakwe.

Wote. Barabara ya juu ilikuwa imezibwa na lori la mawe, wakaelekezwa huku chini. Wanawake wamevaa vitenge vya rangi moja, vikapu mgongoni, na nyuma yao gari jeupe lenye utepe na maua. Kwanza wakatukodolea macho. Hebu jione wewe ni mgeni, unakuja kuoa, na kitu cha kwanza unachoona ni mzee wa boma, gambuti miguuni, anatoroka kichakani na msichana aliyefunikwa leso.

Halafu vigelegele vililipuka mpaka kuku wakaruka.

"Haiya! Mzee anamtorosha bibi arusi!"

"Hatujaingia hata langoni na ameshapelekwa kwingine!"

"Mshikeni! Tumempata bila faini!"

Shangazi wa bwana arusi, mama mnene mwenye kofia nyeupe, alimshika mjukuu wangu kiuno kwa leso yake. "Mzee wangu, sema ukweli. Huyu ni nani?"

Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikasema kile ninachosema kila siku. "Ni mke wangu."

Woi! Mmoja aliketi chini kabisa kwenye nyasi. "Mke! Kumbe ndiyo maana anakimbia nyuma ya zizi!"

Chini ya leso mjukuu wangu alikuwa anatetemeka, nao wakadhani anacheka. Wakaanza kumzunguka wakiimba, wakivuta pindo, wakibashiri ni nani. Kila nikifungua mdomo wimbo unanizidi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya nepia. Nilikuwa nawaza namna ya kuwaambia bila kuwaambia. Niseme ana malaria? Niseme ana mtihani? Aibu ya mama yake niliikuta imekaa kwenye ulimi wangu pia.

Basi akajifunua mwenyewe. Alitupa leso mabegani, uso umelowa jasho.

"Mimi si bibi arusi," akasema. "Mimi ni dada yake. Nilikuwa nikitumia unga. Sasa nakunywa dawa kliniki, mjini, kila siku, na jana sikukunywa. Dirisha linafungwa saa sita. Mkiniweka hapa mniimbie, mimi nitarudi Kangemi leo."

Wimbo ulikatika. Nyuma yetu tata alikuwa ameteremka mbio akifuata vigelegele, na mama yao nyuma yake. Mama akasema haraka, "Msimsikilize, ana homa, anaweweseka." Lakini aliisema akimtazama binti yake, na mwisho wa maneno sauti ilimwishia.

Bwana arusi alishuka garini. Kijana mrefu, suti mpya, shingo imebanwa na tai. Anafanya kazi ya kompyuta mahali fulani mjini. Nilijiambia, haya, ndiyo mwisho, wanageuza magari. Akamwuliza mjukuu wangu, "Kliniki iko wapi?" Akamwambia. Akatazama saa. "Panda. Guka, wewe pia."

Shangazi yake akashtuka. "Gari la maua haligeuzwi langoni! Likija kuoa likigeuka kabla ya kuingia, ni mkosi. Hata mama yako atakwambia."

Kijana akakuna kichwa. Halafu akasema, "Basi litaingia."

Akawasha gari, akaingia nalo lango la chini, akazunguka zizi la ng'ombe polepole, maua yakikwaruza nepia, ng'ombe wangu wakitazama, akatoka tena. "Nimeingia, tata?" akamwuliza shangazi yake. "Umeniona nimeingia?" Wanawake wakacheka kwa kutopenda. Binti yangu, yule chifu, akapata sauti: "Na sherehe je? Mtaanza vipi?"

"Bila mimi hamwezi kuanza," akasema, "na bila Guka hamwezi kuanza. Pikeni tu."

Tulipita Kawangware kwa shida, mikokoteni imejaa barabarani. Tukapita Muthangari kwenye vivuli. Hakuna aliyeongea isipokuwa mimi, ninapoogopa huongea, nikamweleza kijana namna ya kumkagua mbuzi meno. Tulipofika pale barabara ya Waiyaki, kushoto ni Kangemi na kulia ni mjini, simu ya mjukuu wangu ikaanza kulia. Tukangoja taa. Simu ikalia ikanyamaza, ikalia tena. Aliikandamiza chini ya paja kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia kuku. Taa ilipogeuka, kijana akakata kulia, naye akatoa mikono.

Pale kliniki hawajawahi kuona gari la maua. Foleni ilikuwa bado ndefu, watu waliokondeana, wengine na vifuko vyao, wengine wasafi kabisa kama makarani.

"Nani anaoa?"

"Si mimi, nimekuja kunywa tu."

"Bwana arusi naye anakunywa? Karibu bro, foleni ni nyuma, suti haina laini yake."

Kijana akaketi kwenye benchi kando yangu, tai ameilegeza. Mmoja akamwomba maua, akachomoa moja akampa. Mjukuu wangu alipofika dirishani yule muuguzi alimkazia macho. "Jana?" Akamweleza. Yule mama akaita daktari, wakampima, wakamuuliza maswali, akainua mikono waone haina alama mpya. Halafu kikombe. Akanywa.

"Ongea," muuguzi akasema.

Kila mtu ana neno lake pale. Kuna mzee husema "Simama imara" na msichana mmoja hutaja alichokula jana. Wangu siku zote husema, "Asante, kesho." Siku hiyo alisema, "Nimewaambia wakwe zetu."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kesho uje mapema," yule mama akasema, akafunga dirisha.

Kurudi nyumbani, tulikuta wakwe wameketi hemani wakinywa uji, wamechoka kukasirika. Mazungumzo yakaenda kama yanavyoenda, wazee tukabishana, nikamwona mzee wa upande wao ana kikopo cha ugoro nikahama kiti. Mara wanawake wakadai sasa ni saa ya kuchagua. Wasichana wakaletwa, wamefunikwa, mstari mmoja. Sikujua kama mke wangu ni miongoni mwao. Nilidhani wamemwacha chumbani. Kisha nikatazama chini nikaona akala.

Hakuna aliyekumbuka kumtafutia viatu. Leso ilimfunika mpaka kifundoni, na chini yake zinatoka akala za tairi, kubwa, zimekatika kisigino cha kushoto. Bwana arusi akaanza kupita mstari, wanawake wakimzomea na kumvuruga. Wa kwanza akampita. Wa pili akampita. Alipofika kwa mwenye akala akasimama, akatazama miguu. Hema lote likageuza shingo, maana sasa kila mtu alikuwa ameshasikia habari ya asubuhi, ndivyo watu walivyo. Mama yao alikuwa ameshika sinia ya vikombe.

"Huyu namjua," akasema kijana. "Huyu ni shemeji yangu. Huyu hatumchukui, ana safari yake kesho asubuhi."

Shangazi mwenye kofia nyeupe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Chini ya leso mtu alicheka, na safari hii alikuwa anacheka kweli. Halafu bwana arusi akaenda mbele akiwa na kiburi, akamshika msichana wa jirani akidhani ndiye, akapigwa faini ya mablanketi. Kompyuta yote ile.

Asubuhi yake nilitoka na mapema kwenda kukamua. Mlangoni pa nyumba ya mama yao palikuwa na viatu vya mjukuu wangu, vimepanguswa matope, vimepakwa rangi, vimeelekezwa nje. Mama yao alikuwa ameketi kando yavyo juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunika leso moja ya jana, anamngoja atoke ili waende pamoja.

Akala zangu bado sijarudishiwa.